Kichupa cha Oili na Oringi Namba Nne

Uvumilivu wangu uliisha Jumanne, wakati wa chai ya asubuhi, nikiwa nimeinama juu ya injini ya trekta na kijiti cha kupimia oili mkononi. Bwana Gaudensi, msimamizi wetu wa karakana, alikuja na bahasha. Hakuniita ofisini. Alisubiri mafundi wote wakae na vikombe vyao, ndipo akaifungua na kuisoma kwa sauti kama anayetangaza ndoa kanisani.

Barua ilisema kwamba mimi, Blandina, nilifunga vibaya mpira wa nozeli kwenye gari la zahanati kwa sababu akili yangu ilikuwa kwa mtoto. Kwamba gari lilivuja petroli likashika moto njiani. Na kwamba kwa kulitambua kosa hilo nimeomba mwenyewe kustaafu kwa hiari, nikatimize majukumu ya ulezi. Chini kulikuwa na mstari wa sahihi.

"Weka hapo, Mama Frola," akasema, akaninyooshea kalamu. "Kunyonyesha na nozeli haviendi pamoja. Hatugombani, tunasaidiana."

Nina miaka thelathini na mbili. Mpaka asubuhi ile sikujua kwamba nimeomba kustaafu.

Nikaipokea barua. Nikaikunja mara mbili, nikafutia kile kijiti, nikakirudisha kwenye injini, nikakichomoa tena nikasoma kiwango. "Oili imepungua," nikamwambia. "Karatasi yako inafuta vizuri." Halafu nikaitia mfukoni, kwa sababu nilijua nitakuja kuihitaji.

Kesho yake mlinzi alikuwa ameambiwa asinifungulie geti. Kwa hiyo nimestaafu. Wengine hustaafu kwa keki na hotuba, mimi nimestaafu kwa kufuli. Na kwa kuwa mstaafu anatakiwa kuwaachia wenzake aliyoyaona kazini, naandika haya kwa mafundi wadogo, na hasa kwa wale wasichana watatu wa mazoezi ambao tangu wiki ile wameondolewa kwenye injini wakapewa ndoo za kuoshea magari. Msinihurumie. Someni tu, na mahali pa kujifunza mjifunze.

Nilianza pale miaka tisa iliyopita, na cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri. Kilichotakiwa ni mwandiko. Kazi yangu ilikuwa kukaa dirishani na kujaza kadi za kazi: gari la nani, limeletwa lini, linasumbua nini, nani amelitengeneza. Nilitoka nyumbani Lipangalala kwa baiskeli, na siku ya kwanza nilivaa sketi nyeupe. Hilo hesabuni kuwa kosa langu la kwanza la kitaalamu. Kufika saa tano nilikuwa na alama ya mkono wa fundi mahali ambapo mkono wa fundi haukuwa na shughuli. Nilimwandikia kadi yake ya kazi: "Mkono wa kulia, unasumbua, utakatwa." Nikaibandika ukutani kwenye vifaa vyake. Hakurudia. Ndiye Kizito, mtamsikia tena, na siku hizi tunaheshimiana.

Madereva hawajui kueleza ugonjwa wa gari. Atakwambia tu, "Linamisi," yaani injini inakatakata, basi. Mimi nilikuwa nawauliza: linamisi likiwa baridi au moto? Ukipanda mlima au ukisimama? Unanusa nini? Wengine walikereka, lakini nikawa naandika kila walichosema. Siku moja niliandika: "Harufu ya petroli upande wa kulia, injini ikipata moto tu. Likipoa, harufu inaisha." Kadi hiyo ilimfikia Mzee Didas.

Mzee Didas alikuwa fundi wa mifumo ya mafuta, mtu wa kutoka upande wa Mahenge, mfupi, kimya. Mfuko wa shati lake haukukosa kichupa cha dawa ya kikohozi. Nilidhani anaumwa kifua. Alikuja dirishani na kadi yangu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii nani kaandika?"

"Mimi."

"Nani kakwambia uandike hivi?"

"Hakuna. Nimeandika alivyosema dereva."

Akanitazama. "Toka huko dirishani, uje uangalie ulichokiandika."

Ndivyo nilivyoingia ufundi. Hapakuwa na barua wala kikao. Kwa miezi mingi nilijaza kadi asubuhi na kushika spana mchana. Vyeo vilikuja baadaye, mshahara ulikuwa mshahara, na hayo sitayaandika kwa sababu hayamfundishi mtu kazi.

Ile harufu ya upande wa kulia ilikuwa oringi. Kwa mnaoanza: nozeli ndiyo inayopuliza mafuta ndani ya injini, na kwenye injini za petroli tunazopokea, kila nozeli ina oringi mbili, yaani mipira ya duara myembamba kama pete. Ya juu inakaa kwenye reli ya mafuta na kuzuia petroli isitoke. Ya chini inazuia hewa isiingie. Ya chini ikifa, gari litatetemeka na kukuaibisha kwenye taa za barabarani. Ya juu ikifa, petroli inadondokea injini ya moto. Hapo hatuongelei tena aibu.

Mzee Didas akatoa kile kichupa. Ndani hakukuwa na dawa ya kikohozi, bali oili mpya ya injini. Kifuniko alikuwa amekitoboa kwa sindano. Akadondosha tone moja kwenye kidole, akaizungushia oringi mpaka ikang'aa kote, akaivika nozeli, akaisukuma nozeli ndani kwa vidole viwili, wima, bila kuinyonga. Ikaingia na kutoa sauti ndogo ambayo naijua hadi leo kama ninavyojua kilio cha mwanangu.

"Mpira mkavu hauteremki," akasema. "Unashika chuma, unajiviringisha. Ukijiviringisha unajisokota, au unakatwa na ukingo. Na wewe uko juu huoni kitu, unadhani umeingia."

"Kwa nini usipake grisi? Inateleza zaidi."

"Paka grisi siku moja, uone."

Akasema hivyo na kuondoka. Nilidhani ni ruhusa.

Ilikuwa msimu wa mavuno. Mnajua hali ya bonde letu wakati huo: magari ya mpunga toka Mngeta yanapanga foleni mpaka nje ya geti, na mashine za kukoboa zinatoa vumbi la pumba linaloingia hadi kwenye chai. Nilipewa pikapu ya mwenye mashine, nozeli nne. Mzee alikuwa ameitwa kwenye lori lililokwama. Nikachukua grisi, nikapaka kwa ukarimu. Ziliingia kama sabuni. Niliona nimempiku.

Siku ya tatu pikapu ikarudi, injini inatapatapa, petroli inavuja. Mzee Didas hakunisema. Alinipa spana, akasema, "Fungua," na kazi zote zikasimama ili watu waangalie. Grisi ilikuwa imekusanya pumba kama mkate wa ufuta. Unyasi mmoja, mwembamba kuliko uzi, ulikuwa umelala katikati ya oringi na chuma, na petroli ikafanya hapo njia. Grisi nyingine ilikuwa imeshuka mpaka kwenye mdomo wa nozeli na kuziba matundu.

"Sasa unajua kwa nini," akasema mzee.

"Ungeniambia mwanzoni."

"Nikikwambia utasahau. Hii hutaisahau."

Kweli sijaisahau. Kwa hiyo nawaandikia, ili ninyi msiharibu pikapu ya mtu: si grisi, si mafuta ya kujipaka tunayoyaweka kule bombani pa kunawia, si oili chafu ya kwenye pipa ambayo imejaa unga wa vyuma. Oili safi, tone moja, imezunguka pande zote, na mikono iliyonawa. Wala msipake mate. Najua mnacheka. Subirini.

Kitu cha pili alichonifundisha ni waya. Kila oringi kuukuu aliyoitoa hakuitupa. Aliitunga kwenye waya wa kufungia pamoja na kipande cha boksi kilichoandikwa gari, namba ya nozeli na hali ya mpira. Iliyobonyea upande mmoja imezeeka. Iliyovimba imelishwa mafuta yasiyofaa. Iliyokatika mdomo imegonga ukingo. Na iliyosokotwa kama kamba ya katani ilifungwa kavu, hakuna maelezo mengine. Mpira ukishajisokota hivyo unabaki na alama ya kuzunguka, hata uutie kwenye oili mwezi mzima haifutiki.

Mzee aliponikabidhi waya huo na mimi nikaanza kuutunga, Kizito hakukosa la kusema.

"Dada Blandina siku hizi anatunga shanga."

"Natunga."

"Za kuvaa wapi sasa?"

"Shingoni kwako, siku gari lako likirudi linavuja."

Jina likabaki hivyo hivyo, shanga. Na siku mzee aliponitengenezea kichupa changu mwenyewe, nikakifunga kwa uzi shingoni kwa sababu ovaroli yangu haikuwa na mfuko wa juu, Kizito akaongeza.

"Jamani, dada kavaa maji ya vita vya Wajerumani. Ukipaka, petroli inageuka maji?"

Watu wakacheka. Mzee Didas hakucheka. Aliweka chini spana yake.

"Babu yake baba yangu aliyapata yale maji," akasema. "Alikwenda Mahenge kwenye boma la Wajerumani na wenzake, hakurudi. Usiyachekee."

"Samahani, mzee."

"Hakuwa mjinga. Alitaka watu watoke shambani kwake, akakubali alichopewa. Ila hakuna aliyemwambia tujaribu kwanza." Akanigeukia. "Na mimi sikwambii kwamba ukipaka oili haitavuja. Nakwambia paka, funga, hakikisha. Watu wanapenda mawili ya kwanza."

Kuhakikisha kwenyewe ni hivi. Usiwashe injini. Geuza ufunguo hatua moja tu, pampu inaguruma, mafuta yanajaa kwenye reli. Rudisha, geuza tena. Mara tatu. Kisha pitisha kipande cha karatasi ya daftari kwenye shingo ya kila nozeli, pande zote. Karatasi ikirudi kavu, washa gari. Ikirudi na doa hata la ukubwa wa punje ya mchele, vua koti uanze upya. Ni kazi ya dakika tano. Sijawahi kukutana na mteja ambaye hakuwa na dakika tano, ila nimekutana na wasimamizi ambao hawakuwa nazo.

Mzee Didas alistaafu miaka minne iliyopita, yeye kwa haki yake. Alinikabidhi meza yake na kichupa chake cha kwanza, kile cha mfukoni. Nikamuuliza kama ana neno la mwisho. Akasema, "Kifuniko kimelegea, usikilaze." Nilitaka hotuba, nikapewa hilo, na ukweli limenisaidia kuliko hotuba.

Ndipo Bwana Gaudensi akaja. Simsemi kuwa hajui kazi. Anajua, na ni mwepesi, na huo wepesi ndio uliompandisha. Anaamini fundi mzuri ni yule anayemaliza mapema. Tulivumiliana. Aliniita "profesa," mimi nilimwita "mkuu," na kila mmoja alijua mwenzake hamaanishi.

Kisha nikapata mimba, nikajifungua Frola, likizo ikaisha nikarudi. Sheria inampa anayenyonyesha muda wake ndani ya saa za kazi. Sikuuomba kama fadhila, niliutaja tu na kuanza kuutumia. Mdogo wangu aliniletea mtoto kila asubuhi, mlinzi akawaandika kwenye daftari la geti, nami nikawa ninanyonyesha kwenye benchi nyuma ya kibanda cha mlinzi, nikitazama mashamba. Nikimaliza nanawa mikono, narudi. Bwana Gaudensi kila mara alitazama saa yake. Nilimwacha aitazame, ilikuwa saa nzuri.

Sasa Alhamisi yenyewe, kabla ya ile Jumanne.

Sista Redempta, anayeendesha gari la zahanati ya masista, alilileta linanuka petroli. Nozeli nne. Nikazifungua, oringi zote zilikuwa zimezeeka, nikazitunga kwenye waya. Nikaandaa mpya. Ya kwanza, ya pili na ya tatu nikazipaka oili na kuzifunga. Hapo mlinzi akapiga filimbi yake, mtoto amefika. Nikaiweka nozeli ya nne kwenye kitambaa safi na oringi zake pembeni. Nikamwambia Kizito aliyekuwa gari la jirani, "Hii isiguswe, narudi." Nikamwambia na Sista. Akasema, "Nenda mama, mtoto kwanza. Mimi nasali rozari yangu hapa."

Kwa hiyo mtu mwenye haraka hakuwa Sista. Liwekeni akilini hilo.

Nikiwa kwenye benchi, Frola hajashiba, nikasikia injini ya petroli inatoka getini. Gari ulilolishika unalijua sauti. Nikainuka hivyo hivyo na mtoto kifuani, nikazunguka kibanda, nikaliona linakunja kuelekea Mang'ula. Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Gaudensi.

"Namba nne nani kafunga?"

"Nimefunga mimi. Kampira tu."

"Umepaka oili?"

"Nimepaka mate, imeingia vizuri."

"Umehakikisha?"

Akacheka. "Profesa, jifunike kwanza, kisha ndiyo unifundishe kazi."

Sikujifunika. Mtoto alikuwa anakula. Nilichukua simu nikampigia Sista. Haipatikani. Mara ya pili, haipatikani. Mara ya tatu mkuu akaniambia, "Utamtia hofu mtu bure, ana mgonjwa kule wa kumchukua." Nikampigia ya nne.

Yaliyomkuta Sista alinisimulia mwenyewe kesho yake. Alikuwa amepita zahanati na kumpakia mama aliyejifungua siku mbili kabla, na kichanga chake, anawarudisha kwao. Karibu na Mang'ula akasikia harufu. Mtu mwingine angefungua kioo aendelee na safari. Yeye alisimama, akazima, akamtoa yule mama na mtoto, akawakalisha mbali kando ya barabara. Alipogeuka, boneti inatoa moshi, kisha moto. Watu waliokuwa wanarudi shamba waliuzima kwa mchanga na majembe. Hakuna aliyeumia. Nyaya ziliungua, rangi ikababuka, na yule mama akafika kwao kwa pikipiki akiwa amemfunga kichanga kifuani. Kila nikifika hapo kwenye hadithi hii sisimami, naendelea.

Ijumaa gari likavutwa hadi karakana. Bwana Gaudensi akasema mbele ya Sista, "Blandina, fungua urekebishe ulichoharibu." Nikafungua. Sista amesimama kushoto kwangu, Kizito kulia. Ya kwanza ikatoka laini, mviringo kamili. Ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Ya nne, oringi ya juu, haikutaka kutoka. Nilipoivuta kwa kibanio ilikuja imesokotwa kama kamba, mdomo umekatika, na kipande chake kimebaki kimeng'ang'ania kwenye reli.

Kizito aliitazama, akaitazama tena. Akasema kwa sauti ya chini, "Hii shanga mbaya."

Nikaitunga kwenye waya wake pamoja na zile tatu, na jioni nikaondoka na waya huo. Nikaandika kwenye boksi: "Gari la zahanati. Namba nne. Kavu." Mate hukauka kabla mpira haujakaa, hayahesabiki kuwa mafuta. Bwana Gaudensi aliniona nikiandika. Nadhani barua yake alianza kuitunga papo hapo.

Mimi nina kosa langu, nalo naliandika ili msilirudie. Nilitoka nikaiacha nozeli mezani. Mtu mwenye haraka akikuta kitu mezani atakifunga, hata kama umesema kisiguswe. Ukitoka kwenda kunyonyesha, kunywa maji au kusali, ondoka na kipande kimoja mfukoni. Gari haliendi bila hicho kipande. Ningekuwa na namba nne mfukoni siku ile, Frola angeshiba na Sista angemaliza rozari yake.

Lakini kuacha nozeli kwenye kitambaa safi siyo kuifunga kavu, na sitasaini kwamba ni sawa. Nikisaini, hakuna karakana bonde hili itakayonipa spana. Na ninyi wasichana mtabaki na ndoo, kwa sababu kila mkiomba kushika nozeli mtaambiwa habari za yule aliyechoma gari la masista akiwaza maziwa.

Jumatano, baada ya kukuta kufuli, nilisimama nje ya geti na kalamu yangu. Mlinzi ni mzee, namwita baba.

"Shikamoo, baba. Naomba kuliona daftari lako la Alhamisi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa nisikufungulie." Akalifungua daftari. "Sikuambiwa nisikusomee."

Akavaa miwani, akanisomea kupitia nondo za geti, nami nikaandika: mtoto wa Blandina kuingia, gari la zahanati kutoka, mtoto wa Blandina kutoka. Gari liliondoka kabla mtoto hajaondoka. Nikamwomba arudie. Akarudia, taratibu, kama mtu anayesoma somo misani.

Kizito alikuja nyumbani Lipangalala jioni hiyo. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akakataa chai, akakubali chai. Alikuwa na nakala ya ile kadi ya kazi, picha kwenye simu. Kwenye nozeli ya kwanza, ya pili na ya tatu kuna mwandiko wangu. Ya nne imeandikwa "imefungwa" kwa mwandiko uliolala ambao karakana nzima inaujua, na pembeni jina langu.

"Shemeji yako kasema nisije," akasema. Alimaanisha mkewe. "Kasema tutakula nini."

"Ana haki ya kuuliza."

"Nimemwambia nilimwona mkuu akiitemea mate ile oringi, na nilimwona yule Sista Ijumaa. Sasa nikae kimya, nitamwambia nini paroko kwenye kitubio?" Akanywa chai. "Leta karatasi nisaini. Ila usinipake mafuta, mimi bado ni yule yule."

Alhamisi, wiki moja kamili baada ya ile ya moto, nilikwenda ofisi ya kazi ya wilaya, Frola mgongoni. Karani alitaka kuniandikia, nikamwambia mwandiko ninao. Hili ndilo nililoliwasilisha, likapigwa muhuri, na nakala ninayo.

*

Kwa Ofisa wa Kazi wa Wilaya.

YAH: MALALAMIKO YA KUSTAAFISHWA KWA KOSA NISILOLITENDA

Mimi Blandina, fundi wa mifumo ya mafuta, nalalamika kama ifuatavyo.

Nimeandikiwa barua inayosema nimeomba kustaafu. Sijaomba. Barua hiyo nimeiambatanisha. Ina doa la oili. Doa ni langu, maneno si yangu, na sahihi haipo.

Barua inasema nilifunga vibaya oringi ya nozeli namba nne kwenye gari la zahanati. Gari hilo lilipotoka getini nilikuwa ninanyonyesha, kwa muda ninaopewa na sheria. Daftari la geti linaonyesha hivyo, na mlinzi yuko tayari kulisoma. Kadi ya kazi ina miandiko miwili. Naomba ilinganishwe na mwandiko wa barua hii.

Aliyefunga namba nne ni msimamizi wangu. Aliifunga bila oili na bila kuhakikisha. Aliniambia hivyo mwenyewe. Fundi mwenzangu Kizito aliona, na maelezo yake yenye sahihi nimeyaambatanisha. Sista mwenye gari alinisikia nikiagiza isiguswe, naye yuko tayari kuitwa.

Siombi kiti cha mtu yeyote. Naomba mambo matatu. Sentensi inayosema akili yangu ilikuwa kwa mtoto ifutwe kwenye jalada langu, kwa maandishi, na ifutwe mbele ya mafundi wale wale waliosomewa. Nirudishwe kwenye meza yangu, na wasichana watatu wa mazoezi warudishwe kwenye injini. Na kila meza ya nozeli iwekewe kichupa cha oili safi, chenye kifuniko kisicholegea.

Nimeambatanisha pia waya mmoja wenye oringi za gari hilo, kila moja na namba yake. Ofisa akitaka kujua nani anasema kweli, azishike moja baada ya nyingine, aanze na zangu tatu. Akifika namba nne, naomba aishike kwa mikono mikavu, kama ilivyofungwa.

Blandina, Mama Frola
Fundi